Usijisumbue Kujibu

Baba yangu ana adabu kupita kiasi, na adabu yake hiyo nusura iniache bila mume.

Nasema hivyo huku nikimpenda. Yoshinobu Kuramochi hajamkatiza mtu maneno tangu azaliwe. Akizungumza na mteja kwenye simu huinamia ukuta, kana kwamba aliye upande wa pili anamwona. Akipewa zawadi huomba radhi kwanza, shukrani hufuata baadaye. Na kila barua pepe aliyowatumia wateja wa miso yetu, rojo ya soya iliyochachushwa ya kupikia supu, hapa Suzaka, Japani, ilianza kwa salamu za majira: theluji imekuwaje, matufaha yamechanua au bado. Kisha iliomba radhi kwa kumchosha msomaji macho. Ilipofika kwenye habari za miso, msomaji alikuwa amekwisha kwenda zake. Na mwisho ilifungwa kwa maneno yaleyale: "Tunajua mna shughuli nyingi. Tafadhali msijisumbue kujibu."

Wateja wetu nao ni watu wa adabu. Hawakujisumbua.

Ijumaa ile, saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta ya ofisini, kidole juu ya kitufe cha kutuma. Barua iliyokuwa mbele yangu haikuwa na theluji wala radhi. Kichwa chake kilisema, "Supu yako leo ina nini ndani?" Chini yake niliandika mistari michache tu: kwamba mimi ni Chinatsu, binti wa nyumba hii; kwamba leo bibi yangu anaweka figili pamoja na majani yake; na kwamba ningependa kujua wewe unaweka nini. Nijibu, hata kwa neno moja. Basi.

"Bonyeza," alisema Bibi, aliyekuwa kando yangu akimenya hizo figili. "Unaiatamia kama yai."

"Naogopa, Bibi."

"Unaogopa nini? Kwani watatoka humo wakung'ate?"

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Jumapili, yaani keshokutwa, Shangazi Tokie angetuletea mgeni wa kunichumbia: mtoto wa pili wa kiume wa nyumba moja ya mchuzi wa soya, mtu mzuri kwa maelezo yote, ambaye picha yake ilikuwa imekaa kwenye kabati la kuwaombea wazee waliotangulia wiki nzima ikinitazama. Nami sikutaka kumwona. Nilimsihi Baba, nikalia, nikagoma kula, na mwisho Baba akanipa sharti.

"Umekuwa ukisema barua zangu haziamshi mtu," aliniambia. "Haya. Andika moja upendavyo wewe. Wakijibu watu kumi, barua zitakuwa zako, na jina lile utaruhusiwa kulitaja tena humu ndani. Wasipojibu, Jumapili utampokea mgeni wa shangazi yako kwa moyo mkunjufu, na habari za Nagoya tutakuwa tumezifunga."

Jina lile lilikuwa Tatsuhiko Orihara.

Alikuja kwetu mwezi wa tisa. Kampuni moja ya Nagoya ilimtuma atufundishe kuuza kwa barua pepe, maana wateja wetu walikuwa wakipungua na Baba alikuwa ameanza kukosa usingizi. Siku ya kwanza aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha kuchemshia soya. Mvuke ulikuwa umejaa hadi darini. Miwani yake ikapiga ukungu, ikawa nyeupe pe, naye akasimama wima, akaunganisha miguu, akainama kwa heshima zote mbele ya pipa.

"Naitwa Orihara," aliliambia pipa. "Naomba tufanye kazi vizuri pamoja."

"Karibu," nikasema nyuma yake. "Hilo ni pipa. Baba ndiye huyu."

Akaivua miwani na kucheka, akajicheka yeye kabla ya mtu mwingine kumcheka, na macho yake bila miwani yakakutana na yangu. Palepale nikawa nimekwisha. Sitaki kusema uongo, wala sitaki kuyarefusha: nilimpenda mtu aliyesalimia pipa.

Kuanzia hapo tulikaa ofisini pamoja karibu kila siku. Alivuta kiti chake, akaweka daftari kando, akaniuliza maswali kama daktari.

"Chinatsu-san, kati ya watu mia mnaowaandikia, wanaofungua barua hawazidi watano."

"Na wanaojibu?"

"Hakuna." Akanigeukia. "Kichwa cha barua kinasema 'Taarifa ya Mwezi, Ofisi ya Mauzo ya Kuramochi.' Wewe ukiipata hiyo, utaifungua?"

"Orihara-san, mimi ndiye ninayeichapa Baba akinisomea, na hata mimi siifungui."

Alicheka mpaka Bibi akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Kisha akanifundisha. Kichwa cha barua kiwe kama sauti ya jirani mlangoni mwa jiko. Barua ifike saa kumi jioni, wakati mtu anajiuliza usiku huu atapika nini, isifike alfajiri anapokimbilia treni. Iwe na jina la mtu, maana ofisi haina mdomo. Na iulize swali moja tu, linaloweza kujibiwa mtu akiwa amesimama.

"Na utajuaje kama barua ni nzuri?" nikamuuliza.

"Nina mama Toyohashi. Nimemwandikisha kwenye orodha yenu. Akiisoma bila kutafuta miwani, imepita. Akinipigia simu kuniuliza, 'Hawa watu wanataka nini?', naiandika upya."

Yote hayo Baba aliyasikiliza kwa utulivu. Mgogoro ulikuja kwenye mstari wa mwisho.

"Mkuu, hapa ndipo mnapojifungia mlango," Orihara-san alimwambia, akionyesha maneno yale ya msijisumbue kujibu.

"Kumwomba mteja jibu ni kumtwika mzigo, Orihara-san. Amenunua miso. Hakununua kazi."

"Huenda anatamani kuzungumza nanyi."

"Akitamani, atapata njia."

"Njia ipi, mkuu, na ninyi mmemwambia asijisumbue? Msomaji hufanya unachomwambia."

Baba aliinamisha kichwa polepole, asiseme neno. Sisi wa nyumba hii tunaujua ule mwinamo. Baba akiinama na kunyamaza, shauri limekwisha, hata ulete tembo halisogei.

Mwezi wa kumi na moja Orihara-san alipomwendea kumwomba ruhusa ya kunioa, aliinamiwa vilevile. Mimi ndiye niliyeelezwa sababu, jioni, mbele ya Bibi.

"Kwanza, ni mtoto wa kwanza wa kiume," Baba alisema. "Mimi sina mtoto wa kiume. Atakayekuoa lazima aingie nyumba hii na achukue jina letu. Nitamwambiaje mama wa watu anipe mwanawe wa kwanza, jina na yote? Hata kuuliza ni kumkosea."

"Na pili?" nikauliza, maana nilimwona ana pili.

Baba akakohoa. "Pili, amelelewa kwa miso nyekundu."

Bibi alicheka chai ikamtoka puani. Lakini Baba hakuwa akitania. Sisi wa huku miso yetu ni ya rangi ya dhahabu, na watu wa kwao wanakula ile nyekundu, nzito, chungu kidogo, na kwa Baba hiyo ilikuwa kama kuniozesha kwa mtu wa sayari nyingine.

Kazi yake kwetu ikaisha, akaondoka. Siku chache baadaye akaniandikia. Barua yake naijua kwa moyo mpaka leo. "Chinatsu-san, majani ya mlima wenu yatakuwa yamekwisha kuanguka. Naomba radhi kwa kukuandikia. Siku nilizokaa kwenu sitazisahau. Lau ningepewa kuchagua, ningebaki. Najua una shughuli nyingi. Tafadhali usijisumbue kujibu."

Niliisoma mpaka simu ikapata joto mkononi. Kisha nikafanya ambacho angefanya binti yeyote aliyelelewa na Yoshinobu Kuramochi. Sikujibu. Nilijiambia kwamba amefunga mlango taratibu, kama waungwana wanavyofunga, na kumgongea mtu wa namna hiyo ni kumtia aibu. Msimu wote wa baridi nilichemsha soya, nikaponda soya, nikalia ndani ya mvuke ambako hakuna anayeona.

"Utabonyeza, au nibonyeze mimi?" Bibi akasema Ijumaa ile, na kabla sijajibu, kidole chake chenye maji ya figili kilikuwa kimeshagusa kitufe.

Barua ikaenda.

Tulikaa tukiitazama kompyuta. Haikusema kitu. Bibi alimaliza figili moja, akaanza nyingine. Nje theluji iliporomoka kutoka kwenye vigae kwa mshindo. Nikaanza kuiona sura ya kijana wa mchuzi wa soya.

Kisha ikalia. Ting!

"Soma!" Bibi akasema.

"'Tofu na mwani. Kama jana. Kama juzi. Mume wangu hataki kingine, mwambieni ninyi labda atawasikia.'"

"Huyo namjua mumewe hata kama simjui," Bibi akasema. "Ting nyingine hiyo. Soma!"

"'Bilinganya. Najua si msimu wake. Msiniseme.'"

Zikaanza kuja zikifuatana. Viazi na vitunguu. Yai, kwa kuwa mtoto ana homa. Mwanamke mmoja wa Sendai aliandika ukurasa mzima kuhusu uyoga na mama mkwe wake. Tulicheka, tukasomeana, tukasahau hata kuhesabu, na kelele zetu zikamtoa Baba kwenye mapipa. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akasimama nyuma yangu. Barua iliyokuwa wazi wakati huo ilisema hivi:

"Tangu mke wangu afariki nimekuwa nikimimina maji ya moto juu ya miso na kunywa. Leo, kwa kuwa mmeniuliza, nimekata kitunguu. Asanteni kwa kuniuliza. Hatakeyama, Niigata."

Baba aliisoma. Akaisogelea, akaisoma tena.

"Hatakeyama-san," akasema. "Nimempelekea miso miaka na miaka. Nimemwandikia kila mwezi. Sikujua kuwa mkewe amefariki."

"Angekuambiaje, Baba? Ulimwambia asijisumbue."

Sikukusudia kumchoma, ila lilimchoma. Alivuta kiti akaketi, yeye ambaye hakai ofisini mchana, akaitazama skrini macho yakimlengalenga.

"Nilidhani nawapumzisha," akasema. "Kumbe nilikuwa nawanyamazisha."

"Mficha uchi hazai, mwanangu," Bibi akamwambia kwa upole. "Na anayewafichia wenzake masikio vilevile."

Jioni ile chakula kilipoa mezani kwa sababu Baba alitaka kumjibu kila mtu, mmoja mmoja, kwa vidole viwili. Mimi nilimsubiri mpaka alipoinua kichwa.

"Baba, wamepita kumi."

"Wamepita zamani." Akavua miwani yake. "Ahadi ni ahadi. Litaje jina."

Nikafungua mdomo kulitaja. Badala ya jina yakaja machozi.

"Kuna faida gani nikilitaja? Mwenyewe aliniandikia nisimjibu." Nikamsomea ile barua yote, kutoka majani ya mlima mpaka mwisho.

Baba alisikiliza mpaka neno la mwisho. "Ni barua nzuri sana," akasema.

"Baba!"

"Namaanisha... ina adabu."

"Ndiyo maana mimi nalia," nikamwambia, nikaenda kulala.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta tayari yuko mbele ya kompyuta, hata chai hajanywa. Hakunigeukia. Nikasoma juu ya bega lake.

"Habari za asubuhi. Naitwa Kinue Orihara, wa Toyohashi. Mmeniuliza supu yangu ina nini. Ina chaza wadogo na miso nyekundu, kama mama yangu alivyonifundisha. Lakini jana miso yangu haikutosha, nikaongeza yenu aliyoniletea mwanangu mkubwa, nusu kwa nusu. Mwanangu huyo tangu mwezi wa kumi na moja anakula kama kuku mwenye kideri. Jana alikula bakuli mbili, akaniuliza kwa nini nimechanganya, kisha akatoka nje kwenye baridi akasimama peke yake. Mimi ni mama yake, si mjinga. Nina watoto wawili wa kiume, na huyo mdogo anaweza kulibeba jina la baba yao. Swali lenu nimelijibu. Nami nina langu: je, huko kwenu miso huchanganywa?"

Alikula bakuli mbili. Alisimama nje peke yake. Basi mlango ule haukuwa umefungwa, au kama ulifungwa, aliyefunga alikuwa bado amesimama nyuma yake.

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anaitazama skrini. Kisha, polepole, akaiinamia.

Ule mwinamo. Niliujua. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye visigino.

"Hii nitaijibu mwenyewe," akasema.

"Baba, tafadhali."

"Nenda kaangalie mapipa."

Alikaa ofisini asubuhi nzima akigonga herufi moja, akitafuta nyingine. Nilipompelekea chai alifunika skrini kwa kiganja, kama mtoto wa shule anayeficha hesabu zake.

"Umemwambia nini mama wa watu?"

"Nimemsalimu."

"Na baada ya salamu?"

Akaonja chai. "Hii imepoa," akasema.

Mchana nilimsikia kwenye simu akiuomba ukuta radhi kwa muda mrefu, nikajua anapanga mambo na Shangazi Tokie. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Barua nilikuwa nimeshinda. Lakini mgeni amekwisha alikwa, na Baba kumrudisha mtu njiani ni afadhali afe. Nikaamua kwamba nitampa huyo kijana chai yake, nitamwambia hapana mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kisha Jumatatu nitapanda treni kwenda Nagoya, hata kama nitafukuzwa mlangoni.

Jumapili Bibi alinivisha kimono cha rangi ya majani machanga. Alikaza mshipi mpaka nikaguna.

"Bibi, nitakufa."

"Hufi. Utapumua baadaye." Alikuwa anatabasamu peke yake, na mimi nikamchukia kidogo kwa hilo.

"Wewe pia umenigeuka?"

"Inamisha macho, binti mzuri, na usimwage chai."

Nikaingia na sinia, macho sakafuni kama inavyotakiwa. Niliona magoti ya Baba. Niliona magoti ya mgeni, suruali nyeusi iliyopigwa pasi na mtu asiyezoea kupiga pasi. Kando yake palikuwa na ndoo ndogo ya mbao iliyofungwa kitambaa. Nikapiga magoti, nikaweka kikombe mbele yake, na maneno yangu ya kukataa yalikuwa yamejipanga mdomoni. Mgeni akainua kikombe kwa mikono miwili. Nikainua macho, kidogo tu, nimjue ninayemkataa.

Miwani yake ilikuwa nyeupe pe kwa mvuke.

"Samahani," akasema mgeni. "Kwa sasa sioni kitu. Naomba mniambie nisije nikaliinamia pipa."

Sikumbuki niliweka wapi sinia. Bibi anasema niliweka juu ya mguu wa Baba.

"Mgeni wa shangazi yako nilimwomba radhi jana," Baba akasema, akiutoa mguu wake kwa heshima. "Nilimwomba radhi sana. Huyu ni mwingine." Akaichukua ile ndoo ya mbao, akainusa kupitia kitambaa, akakunja uso, akaukunjua. "Nyekundu," akasema. "Mimi na Bibi yako tutaangalia jikoni hiki... hiki kitu."

Wakatuacha. Orihara-san alifuta miwani, akaivaa, akanitazama, na kwa muda tulitazamana tu, mimi na yeye, kama watu waliorudishiwa kitu walichokwisha kukilia matanga.

Kisha akaharibu.

"Chinatsu-san, mbona hukunijibu?"

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. "Ulinikataza!"

"Mimi? Lini?"

"'Tafadhali usijisumbue kujibu.' Naijua yote kwa moyo. Nikuimbie?"

"Lakini hiyo ni adabu tu! Kila mtu huandika hivyo. Nilidhani utaelewa kwamba..."

"Nitaelewaje? Wewe si ndiye uliyekaa ofisini humu ukamwambia baba yangu kwamba kwa mstari ule anajifungia mlango? Wewe si ndiye uliyesema msomaji hufanya unachomwambia? Umewafundisha watu wa nchi nzima kuandika barua, ya kwangu ndiyo ukaenda kuiharibu!"

Masikio yake yakawa mekundu kuliko miso ya kwao.

"Barua za wateja naziandika nikiwa sina hofu," akasema hatimaye, sauti imeshuka. "Ile niliiandika nikikuogopa. Nilitaka kusema nijibu, nijibu leo, nijibu sasa hivi. Kila nikiliandika neno hilo nalifuta. Nikaona bora nisikuombe, kuliko nikuombe unikatalie."

"Na ulingoja?"

"Niliweka mlio maalumu wa simu ili nisikukose, kumbe niliuweka vibaya, ukawa unalia kwa barua zote. Kila asubuhi duka la soksi likinitangazia bei, moyo wangu unaruka."

Nilianza kucheka. Nilicheka huku nikilia, mshipi wa Bibi ukinibana mbavu, na kitu chote kizito nilichokibeba msimu ule wa baridi kikanishuka mabegani. Hakunikataa. Hakunisahau. Miezi yote ile watu wawili walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake wa mlango usiofungwa, wakipishana kwa adabu. Nilipumua. Bibi alisema kweli, nilipumua baadaye.

"Na baba yangu alimwandikia nini mama yako?" nikauliza, nikijifuta macho kwa mkono wa kimono.

Akatoa simu mfukoni, akanipa. Barua ilikuwa ndefu, kama nilivyotarajia. Theluji ya mwaka huu ilikuwamo. Radhi ilikuwamo, mara tatu. Lakini baadaye Baba aliandika hivi: "Kwetu miso haijachanganywa tangu enzi za babu yangu. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilimrudisha mwanao kwa kuogopa kukuomba kitu kikubwa, na kwa kutokuuliza huko nimewatesa watoto wawili. Ikiwa kweli jina lenu lina mwingine wa kulibeba, mlango wetu uko wazi Jumapili. Tafadhali utujibu."

Nikausoma mstari wa mwisho tena. Nilimwona Baba, vidole viwili, asubuhi nzima, akilitafuta neno ambalo hajawahi kumwandikia mtu. Basi ule mwinamo wake mbele ya skrini haukuwa wa kukataa. Alikuwa anamwomba mama wa watu msamaha.

"Mama alisema jibu kama hili haliendi kwa barua," Orihara-san akasema. "Akanipa ndoo, akanifukuza kwenye treni ya kwanza."

Akakaa vizuri, akaweka mikono juu ya magoti.

"Chinatsu," akasema. Hakuongeza san, lile neno la heshima. Ilikuwa mara ya kwanza, na jina langu nililolizoea miaka yote likanipita mwilini kama maji ya moto siku ya baridi.

"Tatsuhiko," nikajaribu nami, kwa sauti ndogo.

"Nina swali moja tu. Linaweza kujibiwa mtu akiwa amesimama."

"Mimi nimekaa."

"Basi hata ukiwa umekaa. Nikiingia nyumba hii, nikawa Kuramochi, nikala miso yenu na wewe ukala yetu, utakuwa mke wangu?"

Jikoni upawa ulikuwa ukigonga sufuria. Ukaacha kugonga. Nilijua kabisa kwamba nyuma ya mlango wa karatasi kuna masikio manne yamejipanga, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikutaka kuwaacha bila kuwatania.

"Kwanza salamu za majira," nikasema, nikiinama kwa heshima zote. "Theluji ya mwaka huu imekuwa nyingi, ila matufaha..."

"Chinatsu!"

"Naomba radhi kwa kukuchosha macho. Najua una shughuli nyingi..."

"We Chinatsu!" ikaja sauti ya Baba kutoka jikoni, Baba ambaye hajamkatiza mtu maneno tangu azaliwe. "Achana na theluji! Mjibu mwana wa watu!"

Nikamjibu. Neno moja tu lilitosha.